Pinde Zilizojichora Zenyewe

Mwaka ambao mume wangu alifungua duka la kompyuta ndio mwaka wifi yangu alipopunguzwa kazini. Shirika la umma alikokuwa karani wa hesabu lilipata mwekezaji, mwekezaji akaja na watu wake, na wifi akarudi nyumbani na viatu vyake vya ofisini ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa mume wangu mambo yalikwenda kinyume. Miaka yote alikuwa akiuza vipuri vya magari, na serikali ilipofungua milango ya biashara akaanza kwenda Dubai na kurudi na kompyuta zilizotumika, zile zenye kioo chenye kisogo kirefu. Ofisi za utalii pale mjini zilizigombania kabla hata hajazifuta vumbi. Mabadiliko yale yale yaliyomwinua kaka yalimwangusha dada, na nadhani jambo hilo lilimkaa mume wangu moyoni kuliko alivyowahi kunieleza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya serikali. Ni Mmeru, nimezaliwa huko juu ambako asubuhi mlima unakuwa karibu hadi unaona mifereji kwenye miamba yake. Wao ni watu wa Rombo. Walipokuwa pamoja, kaka na dada walizungumza Kichaga cha kwao, ambacho kilinipita, na sikuwahi kuona vibaya. Nilipompeleka mume wangu kwetu, naye alikaa akitabasamu bila kuelewa kitu.

Tulikuwa tumehamia Njiro nyumba ikiwa haijapigwa dari. Sebuleni, juu ya meza iliyokusudiwa kuwa ya chakula, ilikaa kompyuta moja ambayo wateja waliikataa kwa sababu kasha lake lilipasuka safarini. Wifi alianza kuja pale kila Jumamosi mchana. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya usharika wao, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini iliyojaa, na tangu alipopunguzwa kazi kwaya ndiyo ilikuwa kazi yake. Kamati moja ya wapenzi wa muziki wa kanisa ilitaka kukusanya nyimbo ambazo kwaya zetu zilikuwa zikizirithishana kwa karatasi za mkono, ziwe kitabu kizuri chenye nota za mistari mitano. Aliyeisimamia alikuwa mama mmoja mzee kutoka ng'ambo, aliyefundisha muziki nchini miaka mingi na kustaafia Usa River. Huyo mama alimpa wifi programu ya kuandikia muziki, akamwambia aanze na nyimbo chache, waone zitakavyotoka.

Zilitoka vibaya. Nota zenyewe zilikuwa safi, maneno yalikaa mahali pake, lakini pinde ziliharibu kila kitu. Asiyesoma nota aelewe hivi: silabi moja ikiimbwa kwa nota mbili au zaidi, juu au chini ya nota hizo huchorwa mstari uliopinda, unaomwambia mwimbaji asikate sauti, apite juu kwa juu hadi mwisho. Sisi tuliuita upinde. Katika nyimbo zetu pinde ni nyingi mno, kwa sababu wazee waliotunga walipenda kuizungusha silabi moja kabla ya kuiachia. Na programu ile ilizichora kama mtu aliyelazimishwa. Pinde fupi zilikuwa na nundu kama mkono wa ndoo. Ndefu zilivimba katikati hadi zikapanda juu ya maneno ya mstari wa juu. Ncha zake ama zilining'inia mbali na nota, ama zilizigusa na kuzichafua.

"Wifi, hebu njoo uone," aliniita siku hiyo. Nilikuwa nasahihisha madaftari. "Hivi mtu ataimbaje kitu kama hiki?"

Mimi siimbi vizuri, niko upande wa alto na nasaidiwa na jirani zangu. Lakini mstari uliopinda naujua. Nilivuta kiti.

Ndani ya programu kulikuwa na sehemu ya mipangilio ambayo wifi hakuwahi kuifungua. Humo uliweza kuiambia mashine upinde mfupi uinuke kiasi gani, wa kati kiasi gani, mrefu kiasi gani, uanze kupinda umbali gani kutoka nchani, na unenepe vipi katikati. Tatizo lilikuwa namba za kuandika. Wifi alikuwa na kitabu cha nyimbo alichoachiwa na baba yao, kilichochapwa Ulaya zamani, enzi ambazo nota zilichongwa kwa mkono kwenye bamba la bati. Pinde za kitabu kile zilikuwa laini, kama kope za mtoto aliyelala. Niliweka karatasi ya kufuatishia juu yake, nikazinakili kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikazipima urefu na kimo, nikachora grafu kama ninazowafundisha kidato cha tatu. Nukta zilipanda haraka mwanzoni, kisha zikalegea, kisha zikakaribia kulala. Pale nikaelewa kosa. Mashine ilikuwa inapandisha kimo sawasawa na urefu: upinde ukirefuka mara mbili, na kimo mara mbili. Mchongaji wa zamani hakufanya hivyo. Upinde wake mrefu haukujisumbua kupanda, ulinyooka na kutulia, ukapinda kwa kasi karibu na ncha tu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na miezi ile siwezi kuisema vibaya hata leo. Nilibadilisha namba, tukachapa ukurasa kwa printa ya leza ambayo mume wangu alituletea kutoka dukani, wifi akausimamisha mbele ya dirisha na kuimba akiufuata kwa macho. Yeye hakujua namba, lakini alijua jambo ambalo grafu yangu haikulijua.

"Huu unanibana koo," alisema.

"Wapi?"

"Hapa kwenye 'milele'. Hiyo 'le' ya mwisho inapanda, halafu upinde wako unanishusha kabla sijafika."

Nikatazama. Kweli, kilele cha upinde kilikaa katikati kabisa, wakati nota zenyewe zilipanda kuelekea mwisho. Nikajifunza kuuinamisha upinde ufuate mwelekeo wa nota, lakini si wote, nusu tu ya mwinamo wao, kwa sababu ukiufuatisha wote unaonekana kama unaanguka. Nikachapa tena. Akaimba tena.

"Sasa huu umepumua," alisema, na akanikumbatia huku ameshika karatasi.

Mgao wa umeme ulipotukuta tuliketi kibarazani tukila mahindi ya kuchoma. Alinisimulia jinsi alivyoogopa kubaki mtu wa kutunzwa na kaka yake. Nilimwambia mambo ya kwetu ambayo sikuwa nimemwambia mume wangu. Nilikuwa na dada wa kuzaliwa naye, lakini yuko mbali, na nilianza kudhani kwamba nimempata mwingine.

Tulipokamilisha nyimbo za mwanzo, kamati ilituita Usa River. Jioni ya kuamkia siku hiyo mume wangu na dada yake walizungumza mezani kwa Kichaga, kwa muda. Nilisikia neno kompyuta likirudiwarudiwa, nikadhani ni mambo ya duka.

Nyumba ya yule mama ilikuwa na bustani kubwa na piano iliyofunikwa kitambaa cha kanga. Wanakamati walikuwa wameshafika. Wifi alinitambulisha: "Huyu ni wifi yangu, amenisindikiza." Nikacheka kidogo, nikidhani ni unyenyekevu wa kuanzia, atafika kwenye jambo lenyewe. Kurasa zikazungushwa. Yule mama mzee alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya ukurasa polepole, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Nimeandika muziki kwa programu hii miaka mingi," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Pinde zake ni mbaya. Hizi ni nzuri sana. Nani amezifanya hivi?"

Nilikuwa nimeketi karibu na wifi hadi mikono ya nguo zetu iligusana. Nilihisi akivuta pumzi.

"Ni kompyuta yenyewe," alisema. "Ukishaizoea, inajichorea yenyewe. Mimi nimeizoesha tu."

Watu wakacheka kwa furaha. Yule mama alinitazama, sijui kwa nini, labda kwa sababu mimi sikucheka. Kwetu humsahihishi dada wa mume wako mbele ya watu, tena watu wazito, tena siku yake. Niliitazama ile kanga juu ya piano hadi chai ilipoletwa.

Njiani wifi aliongea peke yake hadi tulipofika Tengeru. Halafu akasema, "Ningeanza kueleza mambo ya grafu tungelala pale, wifi. Wale ni wazee."

"Sawa," nilisema.

"Hujakasirika?"

"Sijakasirika."

Nilisema hivyo na nusu yake ilikuwa kweli, kwa sababu bado nilikuwa nikisubiri. Nilidhani ataandika barua ya kueleza, au atamwambia yule mama pembeni. Jumamosi iliyofuata hakuja. Akasema ana mafua. Iliyofuata tena alikuwa na mazoezi ya kwaya. Nikawaza ni aibu tu, itapita. Nikawa nimechonga penseli na kuweka chai kwenye chupa, na saa zilipopita niliinywa mwenyewe.

Mwishowe nilimfuata. Alikuwa amepanga vyumba viwili Sokon One. Mlango ulikuwa wazi, na alipotoka kunipokea niliona nyuma yake kompyuta ambayo sikuwahi kuiona, nzima, haijapasuka popote, na kwenye kioo chake ukurasa wa muziki uliojaa pinde zangu. Nilizitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Zililala pale, zimenyooka na kupinda karibu na ncha, nusu ya mwinamo wa nota.

"Kompyuta nzuri," nilisema. "Umeipata lini?"

"Kaka aliniletea." Alikuwa akinitafutia kiti, hanitazami. "Akanihamishia na mipangilio yote kwa diski. Nilimwambia nitakusumbua nikija kila mara." Akasimama. "Na ile habari ya masomo ndiyo imekamilika. Yule mama amenitafutia nafasi ya nusu mwaka huko kwao, kujifunza kuchapa muziki. Nikirudi nitasimamia kitabu kizima. Kwani kaka hajakwambia?"

Nikasema hajaniambia. Nikasema hongera. Nikanywa soda aliyonipa hadi ikaisha, maana kuiacha kungekuwa kusema kitu, na sikujua ni kitu gani ningekisema.

Mume wangu alirudi kabla ya giza, nikamkuta akinawa mikono uani.

"Ulijua," nilimwambia.

Hakujifanya haelewi. Hilo nilimshukuru, na hilo hilo liliniumiza zaidi. Alijipangusa mikono, kidole kwa kidole.

"Mwalimu," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Wewe una kazi. Mshahara wako hauna wa kuugusa. Yeye ana miaka arobaini na hana kitu. Wale wakijua kazi ni ya watu wawili, nafasi ni moja. Watampa nani? Watampa aliyefanya zile namba."

"Kwa hiyo mlikaa mkapanga. Mezani kwangu."

"Tulizungumza."

"Mngeniomba ningetoa."

"Najua," alisema. "Nilijua ungekubali. Ndiyo maana sikuona haja ya kukusumbua."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi kuliko lolote nililowahi kupewa na mtu. Angesema nilikuogopa, ningeelewa. Angesema nilijua utakataa, ningemwonea huruma. Yeye alijua ningetoa, na kwa kujua hivyo akachukua, kama mtu anavyochota chumvi jikoni kwake mwenyewe. Sikulia. Niliingia ndani nikazima ile kompyuta iliyopasuka, nikaifunika na shuka, na siku iliyofuata nilimwambia airudishe dukani, nataka meza yangu ya chakula.

Wifi alisafiri. Familia ilimsindikiza uwanja wa ndege, nami nilikwenda, nikampa kitenge kipya. Kulikuwa na picha iliyopigwa siku ile ambayo mama mkwe aliiweka sebuleni kwake: wote tunatazama mbele, mume wangu katikati.

Baada ya kuondoka kwake nilikwenda Usa River peke yangu. Sikuenda kumwangusha mtu. Nilitaka mtu mmoja nje ya nyumba yetu ajue, basi. Yule mama alinipokea vizuri, akanikaribisha bustanini. Nilimweleza yote: kitabu cha zamani, karatasi ya kufuatishia, grafu, jinsi wifi alivyoimba na mimi nikabadilisha. Nilimchorea hata ile grafu upande wa nyuma wa bahasha, maana niliogopa asiniamini. Aliniamini mara moja.

"Nilihisi," alisema. "Kompyuta haijichorei."

"Basi kwa nini hukuuliza zaidi?"

Aliigeuza ile bahasha. "Nilimuuliza mbele yako, Mwalimu. Nilikutazama. Ulinyamaza."

Nikajaribu kumweleza kwamba kuna kunyamaza kwa aina nyingi, kwamba mke aliyeolewa katika nyumba ya watu ana mahali pa kusema na mahali pa kumeza. Alikuwa ameishi nchini muda mrefu kuliko umri wangu, na sijui kama alielewa. Aliahidi kwamba kitabu kitakapotoka atahakikisha nimetajwa. Nikamshukuru. Nilirudi Njiro nikiwa mwepesi kwa siku chache.

Yule mama alirudi kwao kwa matibabu kabla kitabu hakijakamilika, na hakurudi tena. Wifi alipomaliza masomo alikuja na programu mpya. Mipangilio yangu haikukubali kuingia humo, lakini programu yenyewe ilikuwa imeboreshwa, na pinde zake zilikuwa nzuri kiasi. Si kama zangu. Alituma ujumbe kupitia kwa mume wangu kuuliza kama ninakumbuka zile namba za pinde ndefu. Nilizikumbuka zote. Nilijibu kwamba sikumbuki, na mume wangu alipeleka jibu hilo bila kuniangalia usoni.

Kitabu kikatoka, chenye jalada la buluu. Katika ukurasa wa shukrani wifi aliwashukuru wanakamati, yule mama, na "familia yangu kwa uvumilivu wao". Nilisoma nikiwa nimesimama nje ya kanisa, watu wakinipita na kunipongeza kwa ajili ya wifi yangu. Nikapokea pongezi. Ningefanya nini? Kwaya yetu ilinunua nakala kwa kila sauti, na nimeimba kutoka kitabu kile Jumapili nyingi. Nyimbo za mwanzo, zile tulizozifanya sebuleni bila dari, ziliachwa kama zilivyokuwa. Unapofungua kurasa hizo na kisha zinazofuata, tofauti iko wazi kwa mwenye jicho. Sijawahi kumwonyesha mtu.

Mume wangu na mimi hatukuachana. Alikuwa mume mwema kwa mambo mengi, aliwasomesha ndugu zangu, aliniuguza nilipopasuliwa. Lakini tangu siku ile nilianza kumwambia mambo yakiwa yamekwisha. Nilipohamishiwa shule nyingine alijua nikiwa nimeshapokea barua ya kuripoti. Nilipoanza kujenga kibanda kwetu, karibu na mama yangu, alijua kilipoezekwa. Aliwahi kuuliza mara moja, "Mbona siku hizi huniambii?" Nikamwambia nilijua angekubali. Tukaendelea kula.

Na wifi tuliongea juu ya jambo hilo mara moja tu, Rombo, kwenye msiba wa mama mkwe. Tulikuwa jikoni nyuma ya nyumba tukimenya ndizi, sisi wawili, wengine wamekwenda kuchota maji. Alikuwa amenenepa, mvi zimemjaa, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu kama vyangu. Nikamuuliza bila kupanga.

"Wifi, siku ile Usa River. Kwa nini?"

Hakuuliza siku gani. Aliendelea kumenya ile ndizi hadi ikaisha, akaitupia kwenye sufuria ya maji.

"Nilidhani utasema," alisema. "Nilipomjibu yule mama, nilikusubiri. Nikasema moyoni, akisema, nitakubali hapo hapo. Hukusema. Basi nikaendelea."

Kisu kilibaki mkononi mwangu. Huyu naye, kama yule mama wa ng'ambo, alikuwa ameuchukua unyamavu wangu na kuufanya saini. Zamani ningemeza. Lakini mama yake alikuwa amelala ndani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakuwa bibi wa watu.

"Sikunyamaza kwa kukubali," nilimwambia. "Nilinyamaza kwa kukuheshimu. Wewe ulijua tofauti yake, maana ungekuwa wewe ungefanya vile vile kwa dada wa mume wako."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ataomba radhi, na kusema kweli nilikuwa nimeshajiandaa kuipokea. Badala yake alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akasema kwa sauti ile ile ya chini iliyojaa, "Nilikuwa na njaa ya kuwa mtu, wifi."

"Najua," nilisema. "Ningekupa."

Wenye maji walikuwa wanarudi, ndoo kichwani, wanaongea. Akasogeza mkungu mwingine katikati yetu, akachana ndizi, akanipa upande wangu, tukaendelea kumenya.